Watu saba, mizigo na mlima wa Lushoto: mchague gari gani la safu tatu?

Msomaji wa Goba, Dar es Salaam, ameuliza:

*"Tuko saba nyumbani: mimi, mume wangu, watoto wanne (miaka 14, 11, 7 na 3) na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua. Siku za kawaida gari ni la shule na kazini. Kila Desemba tunakwenda kwa wazee Mlalo, Lushoto. Tumeweka milioni 50, kodi na usajili humo humo. Mume wangu anataka Prado hata kama ni ya zamani. Mimi nimeona X-Trail na Vanguard za viti saba. Fundi wetu anasema tuchukue Noah tuache kuhangaika. Tufanyeje?"*

Dada yangu, fundi wenu hajakosea, nitamrudia baadaye. Kwanza naomba mfanye jambo moja kabla hamjaendelea kubishania jina la gari: Jumamosi moja nendeni yadi mkiwa wote saba, na bibi akiwemo. Wauzaji wamezoea baba kuja peke yake, akae kwenye usukani, azungushe gari mtaa mmoja, arudi ameridhika. Gari la safu tatu halikaguliwi hivyo. Linakaguliwa kuanzia nyuma kuja mbele, kwa sababu safu ya tatu ndiyo mnayoilipia. Kama mngehitaji viti vitano tu, kwa hela hiyo hiyo mngepata gari jipya zaidi na msingeniandikia.

Mkifika, mwambie huyo wa miaka 11 aingie nyuma kabisa mwenyewe, bila kubebwa wala kusukumwa. Muuzaji atawahi kusogeza kiti cha kati mbele hadi mwisho ili nyuma kuonekane kupana. Kirudisheni nyuma kidogo: wewe ukae safu ya kati mahali ambapo kweli utakaa safarini, magoti yako yakiwa na nafasi, ndipo mumtazame mtoto aliye nyuma yako. Katika magari mengi ya kimo hiki kiti cha tatu kimekaa karibu na sakafu, kwa hiyo magoti hupanda juu na mapaja hayaegemei chochote. Mtoto wa miaka 7 haoni tabu. Mtu mzima atalalamika kabla hamjafika Chalinze. Tazameni pia kichwa cha mtoto kiko umbali gani na kioo cha nyuma, kama kiti kina egemeo la kichwa linalopanda na kufungwa, na kama mkanda ni ule unaopita begani na kiunoni, kila kiti na wake. Kisha muwashe gari, fungeni vioo, wekeni AC, mkae humo dakika kumi jua likiwa la saa saba. Baadhi ya magari haya hayana tundu hata moja la hewa baridi kwa safu ya tatu, na hili hamlijui kwa kutazama picha.

Sasa nani akae wapi. Hapa ndipo familia nyingi hukosea, na kosa lenyewe hujulikana baada ya hela kutoka. Njia ya kuingia safu ya tatu hupita mlango wa safu ya kati: kiti cha kati kinakunjwa au kinasogezwa mbele, mtoto anapita. Kiti cha mtoto mdogo kikishafungwa juu ya kiti hicho, njia hiyo imeziba. Kwa hiyo cha huyo wa miaka 3 kifungwe nyuma ya dereva, upande wa kulia, na wakubwa waingilie mlango wa kushoto. Sisi tunaendesha kushoto, maana yake watoto watashukia upande wa kando ya barabara na siyo upande magari yanakopita. Bibi akae mbele, pembeni ya mwanawe. Ni heshima yake, lakini pia ndicho kiti pekee kinachorudi nyuma vya kutosha kwa mtu wa magoti, na hatalazimika kushuka kila mtoto anapotaka kutoka. Wewe ukae katikati na mdogo na huyo wa miaka 14. Wa 11 na wa 7 ndio wenye safu ya tatu. Jaribuni mpangilio huu pale pale yadi. Mkiona haukai, gari hilo si lenu hata kama ni zuri kiasi gani.

Na mizigo? Viti vyote saba vikiwa vimesimama, buti ya X-Trail ya viti saba kwa kipimo cha Ulaya ni lita 135. Piga hesabu kwa madumu ya lita 20: hayafiki saba. Hapo watu saba mnakwenda kukaa wiki mbili kijijini, na mnajua wazee hawawaachi mrudi bila gunia la viazi na kabichi. Kwa hiyo keria ya juu mtaihitaji, na keria ina kikomo chake cha uzito ambacho kimo kwenye kitabu cha gari. Juu wekeni vitu vyepesi, nguo na magodoro. Viazi vikae chini. Gari refu lililobebeshwa uzito juu huyumba kwenye kona, na njia ya Mombo kupanda Soni ni kona tupu.

Niseme na jambo la uzito, maana sijaona muuzaji akilieleza. Magari yetu mengi yanatoka Japani, na kule uzito wa jumla unaoandikwa kwenye hati ya gari huhesabiwa kwa kuchukua uzito wa gari tupu na kuongeza kilo 55 kwa kila abiria. Abiria saba ni kilo 385. Ninyi mna watu wazima watatu na kijana wa miaka 14, na wengine wanaendelea kukua. Mkijaza viti vyote mmekwisha kukaribia kile kilichoandikwa, kabla ya begi hata moja. Sisemi gari litavunjika. Nasema shokapu, springi na tairi za nyuma zitafanya kazi ya ziada safari nzima, na ule mwinuko wa kama sentimita 20 toka chini unaosomwa kwenye matangazo utapungua mkiwa mmejaa.

Tuje kwenye magari yenyewe.

Prado anayoitaka shemeji ni gari halisi la kazi. Imejengwa juu ya chesisi, ina gia nzito za kutokea kwenye tope, na ukiniambia nyumbani kwa wazee hakufikiki masika kwa gari la kawaida, mjadala umekwisha. Lakini ile J150 iliyoanza 2009, ikiwa katika hali njema, kwa milioni 50 siioni. Mtakachopata ni J120, ile ya kati ya 2002 na 2009, na hizo sasa zimezeeka. Viti vyake vya tatu hukunjwa kwenda pembeni na kuning'inia ubavuni, vinakula nafasi ya mzigo hata visipotumika. Injini ya petroli ya cc 2700 inapanda polepole na inakunywa mafuta kwenye foleni ya Goba kila siku ya shule. Ninachoogopa zaidi ni kwamba mtamaliza akiba yote kwenye ununuzi, kisha mwezi wa pili ije bili ya bushi, shokapu na mfumo wa usukani wa gari la miaka karibu ishirini. Gari zuri lililochakaa ni ghali kuliko gari la wastani lililo zima. Mwambie shemeji kwamba simpingi Prado, napinga Prado ya bei hiyo.

Vanguard ni RAV4 iliyorefushwa, na nafasi yake ya ndani inapendeza. Ilitengenezwa kuanzia 2007 hadi 2013, kwa hiyo ukiagiza leo zote ziko juu ya miaka kumi. Injini ya cc 2400, jina lake 2AZ-FE, inajulikana kwa kula oili, hasa zile za miaka ya mwanzo, kwa sababu ya ringi za pistoni. Ukipata Vanguard hapa mjini, iliyo na mwenye kuitunza, nenda alfajiri kabla haijawashwa, simama nyuma ya bomba la moshi, mwambie aiwashe. Moshi wa bluu ukitoka, rudi nyumbani ukanywe chai.

Mitsubishi Outlander ya kizazi cha pili ina kiti cha tatu chembamba kilicholala karibu na sakafu. Kwa watoto wenu ni adhabu. Kizazi kilichofuata, cha 2012, kina kiti bora zaidi na ningekitazama. Jihadhari tu na ile ya kuchaji umeme ya kizazi hicho: haina safu ya tatu kabisa.

Noah, sasa. Fundi wenu anafikiri kama fundi. Milango ya kuteleza inamfaa bibi, mtu mzima anakaa safu ya tatu bila kunung'unika, spea ziko kila kona ya Kariakoo, na kule Lushoto kwenyewe Noah zinapanda kila siku zikiwa zimejaa abiria. Kama barabara ya kufika uani kwa wazee inapitika vizuri mwaka mzima, hakuna gari litakalowapa nafasi kama hiyo kwa hela hiyo. Kasoro yake ni tumbo kuwa chini. Mvua ikinyesha kwenye udongo ule mwekundu wa Usambara, gari la chini linalovuta tairi mbili husimama pale pale. Desemba vuli inaweza kuwa bado haijaisha. Ninyi ndio mnaoijua hiyo njia. Ulizeni nyumbani: katika Desemba tano zilizopita, magari ya wageni yalikwama mara ngapi? Wakisema hata mara moja hapana, mpeni fundi soda yake, mkatafute Noah.

Kama jibu ni kwamba yalikwama, basi mimi ningechukua X-Trail ya umbo la T32, ya petroli, viti saba, inayovuta tairi zote nne. Ilitoka Japani mwishoni mwa 2013 na ikaboreshwa 2017. Injini yake ni cc 1997, na hizo cc tatu zilizopungua kufika 2000 zina maana kwa TRA: injini iliyozidi cc 1000 hadi cc 2000 ushuru wa bidhaa ni asilimia 5, zaidi ya hapo ni 10. Umri nao unatozwa. Gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, lililozidi 10 huongezewa 30. Kwa hiyo gari la bei kubwa kidogo Japani lakini jipya kidogo linaweza kuwafikia kwa hela ile ile na la zamani. Msipige hesabu hizi kwa kuambiwa na wakala. Ingieni wenyewe kwenye kikokotoo cha magari cha TRA, wekeni mwaka na modeli, mwone jumla, na mrudie mkikaribia kulipa, kwa sababu viwango hubadilika na bajeti.

Hapo kuna mtego wa haibridi, yaani gari linalotumia petroli pamoja na mota ya umeme. X-Trail haibridi ya umbo hilo haina safu ya tatu. Betri na mfumo wake vimechukua nafasi. Honda CR-V ya kizazi kilichofika Japani 2018 ni hivyo hivyo: viti saba ni kwa ile ya petroli ya cc 1500 yenye tabo. Tangazo linaweza kuandika viti saba kwa kunakili tu. Soma herufi za mwanzo za namba ya chesisi: NT32 ni ya petroli inayovuta tairi nne, T32 tupu inavuta mbili, ukiona HT32 au HNT32 hiyo ni haibridi. Kisha dai cheti cha kutoka Japani, ambacho kina idadi ya abiria. Kikiandikwa 5, usisikilize maelezo. Niliwahi kukagua gari ambalo viti vya nyuma vilifungwa huku huku, boliti zikishika bati la sakafu peke yake, chini hakuna chochote cha kuimarisha. Mwenye gari alikuwa akipakia watoto wake humo kila asubuhi. Nilimwonyesha kwa tochi, akakaa chini barazani hakusema kitu kwa muda mrefu.

Udhaifu wa X-Trail ni giaboksi. Ni CVT, haina gia za meno zinazobadilishana. Kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na kinachoubana usiteleze ni mgandamizo wa oili. Oili ikichemka inakuwa nyepesi, ikiwa nyepesi mgandamizo unapungua, mkanda unaanza kuteleza, na kila unapoteleza unakwangua puli. Sasa waza watu saba na keria, kutoka Mombo kupanda hadi Lushoto kilomita 33, mwinuko wa kama kilomita moja nzima kwenda juu. Hiyo ndiyo hali inayochemsha. Magari haya yamewekewa ulinzi: joto likizidi, yanajipunguzia nguvu yenyewe, na dereva asiyejua hufikiri gari limekufa, akaendelea kukanyaga mafuta.

Kwa hiyo katika ukaguzi giaboksi ipewe saa yake. Gari liwe la baridi. Tia D, usikanyage mafuta. Likichelewa kuvuta au likishtuka, hapana. Endesha taratibu kati ya spidi 20 na 50 ukisikiliza mtetemo, kama vile tairi zinapita juu ya matuta madogo madogo, ukiusikia, hapana. Tafuta kilima, simama, rudi nyuma kwa kupanda. Fundi ashushe oili kidogo aione na kuinusa: iliyoungua ina harufu ya mkaa na rangi nyeusi. Likipita, oili ya zamani imwagwe yote inayotoka na iwekwe ya Nissan NS-3, si ile ya dumu inayouzwa kuwa "inaingia gari zote". Mimi huwaambia wateja wangu waibadilishe kila kilomita 40,000, wanaopanda milima mapema zaidi.

Na safarini, shemeji asishindane na mabasi. Mfike Mombo kabla ya joto la mchana, mpumzishe gari dakika kumi na tano, mpande kwa mwendo mmoja. Nguvu zikipungua ghafla, pembeni, gia kwenye P, injini iendelee kunguruma ili feni na oili viendelee kuzunguka. Msiizime. Mkitoka Lushoto kwenda Mlalo na tope lipo, kile kitufe cha 2WD, AUTO na LOCK kiwekwe LOCK kabla ya kuingia topeni, siyo baada ya kukwama. Wakati wa kushuka, gia ya chini, na breki ziguswe kwa vipindi. Breki zinazokanyagwa mfululizo kutoka Soni hadi Mombo zinafika chini zikinuka.

Kuna moja ambalo lingenifurahisha kuliko hayo yote, nalo ni Mazda CX-8. Lilianza kuuzwa Japani Desemba 2017, lina urefu wa mita 4.9, giaboksi ya kawaida ya gia sita, na Mazda walisema wazi kwamba safu ya tatu walimtengenezea mtu wa sentimita 170. Buti viti vyote vikiwa juu ni lita 239, karibu madumu kumi na mawili. Kijana wenu wa miaka 14 angekaa nyuma bila kukunjamana hadi amalize kidato cha sita. Lakini kwa milioni 50 halijafika. Mkiweza kusubiri mwaka mmoja na nusu huku mkiongeza, tafuteni la petroli cc 2500. La dizeli lina kichujio cha masizi ambacho hujisafisha kwa safari ndefu, na gari la kwenda shule na kurudi Goba halikipi nafasi hiyo.

Kabla hamjalipa lolote, inua sakafu ya buti. Magari kadhaa ya safu tatu hayana tairi la akiba; kuna kopo la kuzibia pancha tu, nalo halisaidii tairi likichanika ubavu. Kama ndivyo, nunueni tairi na rimu vya saizi yake mwezi huo huo mvifunge juu kwenye keria, na uzito wake muuhesabu kwenye kile kikomo cha keria. Zilizopo zisomwe: ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi la 2217 ni la wiki ya 22 mwaka 2017, na hata kama kashata zake bado ndefu, mimi siliweki chini ya watu saba. Upepo nao: kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kibandiko cha kipimo, na kitabu cha gari kikitaja kipimo cha gari lililojaa, tumieni hicho. Wajaze asubuhi ya kuondoka, tairi zikiwa za baridi, siyo Chalinze zikiwa zimeshachemka.